Mashine rahisi zimefungiwa stoo ya michezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa maoni ya wasomaji ili niseme jambo kuhusu namna tunavyowafundisha watoto wetu mada ya mashine rahisi. Ni mada ambayo kila mwanafunzi hukutana nayo shule ya msingi katika somo la sayansi na kuirudia sekondari katika fizikia, na kwa maoni yangu tunaifundisha nusu tu. Nusu tunayoifundisha ni ile ya mtaimbo, toroli na kopo linalofunguliwa kwa mpini wa kijiko. Nusu tunayoiacha imefungiwa kwenye stoo ya vifaa vya michezo, hatua chache kutoka darasani, na funguo anazo mwalimu wa michezo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Wenzo ni kitu kigumu kinachozunguka kwenye egemeo, kinachosukumwa mahali pamoja kwa jitihada na kubeba mzigo mahali pengine. Jitihada ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo hulingana na mzigo uliozidishwa kwa umbali wake. Egemeo likiwa katikati tunasema ni daraja la kwanza, mzigo ukiwa katikati ni daraja la pili, na jitihada ikiwa katikati ni daraja la tatu. Wanafunzi wetu hukariri haya bila taabu, na hata ukimwamsha mmoja wao usiku wa manane atakutajia mkasi, toroli na koleo la mkaa. Shida iko kwenye sentensi inayotangulia mifano hiyo vitabuni, kwamba mashine hurahisisha kazi. Kwa mtaimbo na toroli mtoto huona kuwa kurahisisha ni kupunguza nguvu inayohitajika, na hakuna anayemwambia kwamba kazi inaweza kurahisishwa kwa njia nyingine. Akifika daraja la tatu anakuta manufaa ya kimakanika, yaani mzigo ukigawanywa kwa jitihada, yako chini ya moja, anaandika kwenye daftari kwamba nyenzo hizo hazina faida, na mada inaishia hapo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuniuliza: kama hazina faida, kwa nini watu wanazitumia? Ni swali zuri kuliko maswali mengi ya mtihani, na mahali pazuri pa kulijibia ni kwenye gongo la hoki.

Kanuni za kimataifa za mpira wa magongo haziruhusu gongo kuzidi sentimita 105 kwa urefu wala gramu 737 kwa uzito. Mchezaji anayesukuma mpira hushika ncha ya juu kwa mkono wa kushoto na kuutuliza mkono huo, kisha mkono wa kulia, ulioshika chini zaidi, ndio unaosukuma. Mkono wa kushoto ni egemeo, wa kulia ni jitihada, na mpira ulio chini kabisa ni mzigo. Hilo ni daraja la tatu, sawasawa na ufagio wa mti mrefu ambao kila mtoto ameushika, ambapo mkono wa juu unatulia, wa chini unasogea kidogo, na ncha inafagia eneo pana. Tuseme mkono wa kulia uko sentimita 30 kutoka kwenye egemeo, na mpira uko sentimita 90. Tukiweka kando uzito wa gongo lenyewe, mkono ukisukuma kwa nyutoni 90, ncha itausukuma mpira kwa nyutoni 30 tu, yaani theluthi moja. Hapo mwanafunzi huona amepunjwa. Lakini mkono huo ukisogea sentimita 20, ncha inasogea sentimita 60 katika muda uleule, na mkono ukienda kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, ncha inakwenda mita 9 kwa sekunde. Upande wa mkono, nyutoni 90 kwa mita 0.20 ni jouli 18. Upande wa mpira, nyutoni 30 kwa mita 0.60 ni jouli 18 zilezile. Mchezaji ametoa nguvu aliyokuwa nayo ya kutosha na kupata mwendo ambao mkono wake peke yake usingeufikia. Hayo ndiyo manufaa ya wenzo wa daraja la tatu, na mtu yeyote aliyewahi kusimama golini mbele ya mpira wa hoki anajua kwamba si madogo.

Ukilishika hilo, vifaa vingi vya michezo vinajieleza vyenyewe. Raketi ya tenisi, gongo la kriketi na fimbo ya gofu ni vifaa vilivyoundwa ili mkono wenye nguvu na mwendo mdogo uzae ncha yenye mwendo mkubwa. Nao mkono wenyewe, kabla haujashika chochote, tayari ni wenzo wa aina hiyohiyo. Msuli wa mbele wa mkono wa juu hujishikiza kwenye mfupa wa kigasha karibu sana na kiwiko, kiasi cha sentimita 4 hivi, ilhali kiganja kiko kama sentimita 32 kutoka kwenye kiwiko hichohicho. Mwanariadha akikunja mkono na kushika tufe la wanawake, lenye kilo 4, uzito wa tufe ni kama nyutoni 40, na msuli unalazimika kuvuta kwa kiasi cha nyutoni 320, bila kuhesabu uzito wa kigasha. Ni sawa na msuli huo kuning'iniziwa kilo 32. Mwili wetu umeumbwa kulipa gharama hiyo kila siku, kwa sababu kinachorudi ni kiganja kinachosafiri mbali na upesi wakati msuli umejikunja sentimita chache tu.

Hakuna mchezo unaoonyesha jambo hili waziwazi kama kurusha mkuki, na sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 2015, katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Beijing, Julius Yego wa Kenya alirusha mkuki mita 92.72 na kutwaa medali ya dhahabu, na mwaka uliofuata akapata fedha kwenye Olimpiki ya Rio kwa mita 88.24. Yego anajulikana pia kwa sababu sehemu kubwa ya ufundi wake alijifunza kwa kutazama video za warushaji kwenye intaneti, katika nchi ambayo sifa yake yote ya riadha ilikuwa kwenye mbio. Mwalimu wa fizikia anaweza kufundisha vipindi viwili kwa mtupo mmoja wa aina hiyo. Mguu wa mbele unapogonga chini na kukazwa, unakuwa egemeo ambalo mwili mzima unazunguka juu yake. Nyonga inatangulia, bega linafuata, kiwiko kinafuata bega, na mkono unamalizia, kila kiungo kikiwa egemeo la kiungo kinachofuata na kila kimoja kikiongeza mwendo juu ya ule uliokwisha kupatikana. Mkuki wa wanaume, wenye gramu 800, hutoka mkononi mwa bingwa kwa mwendo wa karibu mita 30 kwa sekunde, ambao ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ukiingiza mwendo huo katika hesabu ya darasani ya kitu kinachorushwa kwa pembe ya nyuzi 45 pasipo upinzani wa hewa, unapata karibu mita 92. Warushaji wenyewe hutumia pembe ndogo kuliko hiyo, na hewa nayo ina yake, lakini mwanafunzi anayeona namba ya ubaoni ikikaribia namba ya uwanjani hatasahau somo hilo.

Hapo kwenye hewa kuna kisa ambacho ningependa kila darasa la fizikia likijue. Mwaka 1984 mjini Berlin, Uwe Hohn wa Ujerumani Mashariki alirusha mkuki mita 104.80. Viwanja vya riadha vilianza kuonekana vifupi, na mikuki ya wakati huo ilikuwa na tabia ya kuelea na kutua kwa ubavu, hata waamuzi wakabishana kama mtupo ni halali. Viongozi wa riadha duniani hawakuongeza uzito wa mkuki. Kuanzia mwaka 1986 walisogeza kitovu cha uzito cha mkuki wa wanaume mbele kwa sentimita 4. Mkuki ukiwa angani huzunguka kwenye kitovu chake cha uzito, hivyo kitovu hicho ndicho egemeo. Hewa inausukuma kutoka chini, na msukumo huo una mahali pake. Egemeo likisogezwa mbele, umbali kati yake na msukumo wa hewa ulio nyuma unaongezeka, na nguvu ileile ya hewa inapata uwezo mkubwa zaidi wa kunyanyua mkia na kuinamisha ncha. Mkuki ukaanza kuchoma ardhi mapema, na rekodi ya dunia iliyoandikwa upya mwaka huo ilikuwa mita 85.74. Sentimita 4 za umbali kutoka kwenye egemeo zilibadilisha mchezo mzima. Mkuki wa wanawake ulirekebishwa kwa njia hiyohiyo mwaka 1999.

Naomba niguse kosa moja linalojirudia katika mazoezi tunayowapa wanafunzi, nalo ni swali la aina hii: raketi ni wenzo wa daraja gani? Swali hilo halijakamilika, kwa kuwa daraja hutegemea mahali jitihada, mzigo na egemeo vilipo wakati kifaa kinatumika, na kifaa kimoja kinaweza kuhama kutoka daraja moja hadi jingine kwa kubadilisha mshiko tu. Mchezaji wa hoki akivuta nyuma kwa mkono wa juu huku akisukuma mbele kwa mkono wa chini, mahali gongo linapozungukia panahamia kati ya mikono miwili, na mkono wa juu sasa unafanya kazi ya daraja la kwanza. Kasia ni mfano mzuri zaidi. Mpiga makasia aliyeketi mashuani huona mkono wake ukivuta upande mmoja, kishwara (kitanzi kinachoshika kasia) kilicho ukingoni kikiwa egemeo, na maji yakiwa mzigo upande wa pili, na atasema ni daraja la kwanza. Mtu aliyesimama ufukweni huona bapa la kasia limekwama majini na mashua ndiyo inayosogea. Kwake egemeo liko majini, mzigo ni mashua iliyoshikwa kwenye kishwara, na mkono uko mwisho kabisa, kwa hiyo ni daraja la pili. Wote wawili wamesema kweli, ilimradi kila mmoja aeleze amesimama wapi. Mtihani unaokubali jibu moja tu hapo unamwadhibu mwanafunzi aliyefikiri.

Baiskeli inastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa, kwa sababu ndiyo mashine ambayo watoto wengi wa vijijini wanaifahamu kwa miguu yao. Mkono wa pedeli katika baiskeli ya kawaida ya mtu mzima una urefu wa kama sentimita 17, na nusu kipenyo cha gurudumu ni kama sentimita 34. Gia ya mbele ikiwa na meno 48 na ile ya nyuma, ambayo mafundi huiita friwili, ikiwa na meno 16, mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu mara 3. Mguu unakuwa umesafiri kidogo zaidi ya mita 1, na baiskeli imekwenda mita 6.4. Kwa upande wa nguvu hesabu inageuka: mguu ukisukuma kwa nyutoni 300, gurudumu linaisukuma barabara kwa nyutoni 50 tu. Kwenye tambarare hizo zinatosha na kubaki. Kwenye mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na jumla ya kilo 80, uzito unawarudisha nyuma kwa zaidi ya nyutoni 60, na ndiyo maana mwenye baiskeli ya gia moja hushuka na kuikokota. Mwenye baiskeli ya mashindano huhamisha mnyororo hadi gia za mbele na nyuma zenye meno sawa, na zile nyutoni 300 zinafika barabarani zikiwa 150. Anapanda, lakini kila mzunguko wa pedeli sasa unampa mita 2 na kidogo tu. Mwezi Septemba 2025 mji wa Kigali uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, na njia ya wanaume ilikuwa na zaidi ya mita 5,000 za kupanda ukijumlisha vilima vyote, pamoja na ule wa Kimihurura uliotandazwa mawe. Maelfu ya watoto walisimama kando ya barabara wakiona miguu ya waendeshaji ikizunguka upesi huku baiskeli zikienda polepole mlimani, kisha kinyume chake kwenye tambarare. Kila walichokiona kimo katika hesabu hii ya meno 48 na 16, na sijui kama kuna somo la gia lililopata kuwa na maabara nzuri kuliko mji ule kwa wiki ile.

Viti vya magurudumu vya mbio vinafundisha jambo lilelile, na vinastahili kutajwa kwa jina katika vitabu vyetu. Kiti cha kawaida kina bangili ya kusukumia inayokaribia ukubwa wa gurudumu lenyewe, ambayo humsaidia mtu kuondoka na kupanda mwinamo. Kiti cha mbio kina gurudumu la kipenyo cha kama sentimita 70 lakini bangili yake ni ndogo sana, karibu nusu ya hapo. Mwanariadha anapata shida wakati wa kuondoka kwa sababu anasukuma karibu na ekseli, lakini akishapata mwendo, mkono unaosafiri umbali mdogo unaliendesha gurudumu karibu mara mbili ya umbali huo.

Kwa wenzetu wa pwani, mashindano ya mashua na ngalawa, kama yale ya Lamu na Zanzibar, yana karibu mada nzima ndani ya chombo kimoja. Henza inayopandisha tanga hupita kwenye kapi lililo juu ya mlingoti. Kapi moja lililofungwa halipunguzi nguvu, linageuza mwelekeo tu ili watu wavute kuelekea chini kwa uzito wao, na makapi yakiongezwa ndipo kamba inapokuwa ndefu na mkono kupumzika. Kana ndefu ya usukani ni wenzo unaomwezesha nahodha kuushinda msukumo wa maji kwa mkono mmoja. Lakini kinachonivutia zaidi ni ule ubao mrefu unaotolewa nje ya mashua upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, na mabaharia wakatambaa juu yake hadi wanakaa juu ya maji. Tanga lililojaa upepo linailaza mashua upande wa demani, yaani upepo unakoelekea. Baharia mwenye kilo 70 aliyeketi mita 1 kutoka katikati ya chombo anapinga ulazaji huo kwa uzito wa nyutoni 700 uliozidishwa kwa 1. Akisogea hadi mita 3 juu ya ubao, uzito wake ni uleule, ila sasa anafanya kazi ya mabaharia watatu. Ndiyo sababu upepo ukipiga kwa nguvu huwaona wakikimbilia ncha ya ubao, na ukitulia huwaona wakirudi ndani haraka, maana wakichelewa mizani hiyohiyo itawapindua upande wao. Hakuna anayewafundisha neno egemeo, na bado wanalisoma kwa makalio yao kila upepo unapobadilika.

Njumu za kiatu cha mpira na misumari ya kiatu cha mkimbiaji ni kabari ndogo zinazopenya ardhi, na hapo hatuna haja ya kukaa. Upondo wa kurukia tunauona zaidi kwenye televisheni kuliko shuleni, lakini inatosha kusema kwamba mwanariadha anayekimbia mita 10 kwa sekunde ana nishati ya kujipandisha kama mita 5 juu ya pale kitovu chake cha uzito kilipokuwa, na upondo kazi yake ni kuigeuza mbio hiyo kuwa kimo. Mwaka 1942 Cornelius Warmerdam wa Marekani alivuka mita 4.77 kwa upondo wa mwanzi, na kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 Armand Duplantis wa Sweden alivuka mita 6.25 kwa upondo wa nyuzi za kioo na kaboni, unaopinda sana na kurudisha karibu nishati yote aliyoutia.

Sasa niseme kwa nini suala hili linanigusa nje ya mtihani. Nyenzo za daraja la tatu zinadai nguvu, na zinaidai kutoka kwenye misuli na kano za mtoto. Kwa kitu kinachozungushwa, umbali unahesabiwa mara mbili: gramu ileile ikiwekwa sentimita 60 kutoka mkononi ni ngumu kuizungusha mara 4 kuliko ikiwa sentimita 30. Mtoto wa miaka tisa anayepewa raketi ya mtu mzima yenye sentimita 68, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, hafundishwi tenisi. Anafundishwa kufidia urefu kwa kupinda kifundo cha mkono na kuvuta bega vibaya, na mazoea hayo hayatoki kirahisi. Watengenezaji wa raketi wanajua hivyo, ndiyo maana za watoto huanzia kama sentimita 48 na kuongezeka kwa hatua. Riadha nayo inajua: mkuki wa wavulana walio chini ya miaka 18 ni gramu 700 na wa wasichana gramu 500, tufe la wavulana hao ni kilo 5 na la wasichana kilo 3, wakati wanaume wazima hutupa kilo 7.26. Namba hizo zimetokana na kanuni tunayoiandika ubaoni. Nimeshuhudia shule ambako wasichana wa kidato cha kwanza walitupa tufe la wanaume kwa sababu stoo ilikuwa na tufe moja tu, na waliokuwa wakiwasimamia walikuwa watu wema waliokosa vifaa, wala hawakuwa na nia mbaya. Hata hivyo pasipo fedha kuna la kufanya. Gongo refu linaweza kushikwa chini zaidi, au kukatwa na fundi seremala. Raketi inaweza kushikwa karibu na nyuzi. Tufe dogo linaweza kufinyangwa kwa saruji na kupimwa kwenye mizani ya dukani. Mwalimu anayeielewa kanuni ya wenzo atayafanya hayo bila kuagizwa.

Kwa hiyo maombi yangu ni machache. Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, naomba vitabu vinavyokuja viweke gongo la hoki, baiskeli, kasia na mkuki kando ya mtaimbo na toroli, na vieleze bila kificho kwamba mashine inaweza kuongeza nguvu au kuongeza mwendo, lakini haiwezi kuongeza vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa Baraza la Mitihani, naomba maswali ya daraja la wenzo yaambatane na mchoro unaoonyesha mikono ilipo. Kwa waandaaji wa michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, ambao kila mwaka huwakusanya watoto wa nchi nzima, naomba uzito na urefu wa vifaa upimwe kabla ya shindano kwa kila rika, na vifaa visivyolingana na rika viondolewe uwanjani.

Kwa walimu wenzangu naomba kipindi kimoja tu. Shikizeni ncha ya juu ya gongo ili izunguke bila kuhama, fungeni mizani ya springi sentimita 90 kutoka hapo na nyingine sentimita 30, mwanafunzi mmoja avute ya chini hadi isome nyutoni 10, na mwenzake avute ya juu kwa upande wa pili mpaka gongo litulie. Ya juu itasoma karibu nyutoni 30. Kisha zungusheni gongo taratibu na mpime kwa rula umbali uliosafiriwa na kila alama. Mkiwa na simu inayorekodi picha za mwendo wa polepole, mrekodini mmoja wenu akisukuma mpira na mlinganishe mwendo wa mkono na wa ncha. Nimelifanya zoezi hili na wanafunzi wa kidato cha pili, na wale waliokuwa wameandika kwamba daraja la tatu halina faida ndio waliokataa kutoka kengele ilipogonga. Ningefurahi kusoma katika ukurasa huu namba ambazo shule nyingine zitazipata, hasa kutoka kwa walimu wa pwani walio na mashua, ubao na mabaharia jirani na darasa lao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa fizikia na riadha,
Morogoro